Wazee wa Montford Point: Kambi Iliyotunzwa na Waliofunzwa Ndani Yake

Zinapotajwa habari za Vita vya Pili vya Dunia, aghalabu tunasikia majina ya majenerali na marais. Askari wa kawaida husahaulika. Ndiyo maana leo nataka kueleza habari za Montford Point, kambi ambayo kumbukumbu yake imehifadhiwa na wazee wale wale waliofunzwa humo.

Kambi hiyo ilikuwa Jacksonville, jimbo la North Carolina nchini Marekani. Kikosi cha Marines kilikuwa kimewafungia mlango watu weusi tangu karne ya 18. Juni 1941, Rais Franklin Roosevelt alitoa amri ya kupiga marufuku ubaguzi katika viwanda vya silaha na kazi za serikali, na Marines wakalazimika kuwasajili. Makurutu wa kwanza waliwasili Agosti 1942. Hawakuchanganywa na wenzao weupe, bali walitengewa kambi yao kando. Hata kuingia Camp Lejeune, kambi kubwa iliyo jirani, iliwabidi wafuatane na Marine mweupe.

Kambi ilipofungwa mwaka 1949, takriban watu 20,000 walikuwa wamepitia hapo. Wengi walipangiwa kupakua shehena na kubeba risasi. Hata hivyo, mwaka 1944 huko Saipan, na baadaye Iwo Jima, vita viliwakuta kazini nao wakapigana. Mwaka 1948 Rais Harry Truman akaamuru ubaguzi ukomeshwe jeshini.

Walirudi makwao kimyakimya. Kilichobadilisha mambo ni mkutano wao wa Philadelphia mwaka 1965, ambapo mamia yao walikutana tena. Hapo ndipo kilipozaliwa chama chao. Wakafungua matawi na wakaanzisha makumbusho pale pale kambini. Mwaka 1974 kambi ikapewa jina la Gilbert Johnson, mmoja wa wakufunzi weusi wa kwanza.

Heshima ya taifa ilichelewa. Bunge la Marekani liliwapa Medali ya Dhahabu Juni 2012, miaka 70 baada ya makurutu wa kwanza. Waliojitokeza kupokea walikuwa kama 400. Tangu hapo, kazi kubwa imekuwa kuzitafuta familia za waliofariki ili zikabidhiwe medali zao. Mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa mwaka 2016, na mwaka 2018 kimbunga Florence kikaharibu jengo la makumbusho. Kumbukumbu nayo yataka kulindwa.

Mimi naona somo liko wazi. Serikali haikuanza kuwakumbuka; walianza wenyewe, wakiwa bado na nguvu, na medali ikafuata. Wangengoja kuitwa, wengi wa hao 400 nao wangekwenda na siri zao.

Sisi nasi tulikuwa na wazee waliopelekwa Burma na jeshi la KAR katika vita hivyo hivyo. Mombasa tuna sanamu za askari wa Vita vya Kwanza, lakini sanamu haisimulii nani alitoka kijiji gani. Hao wa Burma wamebaki wachache mno, kama wapo. Kama nyumbani kwenu kuna picha, nishani au barua ya babu, iandike jina lake nyuma leo, kisha umuulize mkubwa wa ukoo anachokumbuka. Mali bila daftari hupotea bila habari.