Bunduki Katika Soko la Nyangwe

Bunduki ziliingia Nyangwe pamoja na wafanyabiashara wa Unguja na Mrima, waliojenga makazi yao kwenye ukingo wa kulia wa Lualaba katika miaka ya 1860. Nyingi zilikuwa gumegume na bunduki za fataki, zote za kushindiliwa kwa mdomo. Mpigaji alimimina baruti mtutuni, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki, kisha akatega mtambo. Mgeni wa kazi hiyo akizidisha baruti, mtutu ungeweza kumpasukia usoni.

Misafara ilikuwa na adabu yake. Ikikaribia mji ilipiga bunduki hewani kutangaza kuwasili kwake, na ndivyo mpelelezi Stanley alivyoingia Ujiji mwaka 1871. Vijana waliotekwa wa Manyema, nchi iliyoizunguka Nyangwe, walijifunza mambo hayo wakiwa na mabwana zao: kwanza kubeba silaha, baadaye kuipiga. Aliyekabidhiwa bunduki alianza kujihesabu miongoni mwa waungwana. Ujasiri wake, hata hivyo, ulitokana na mshindo na moshi kuliko shabaha, kwa kuwa mbele yake mara nyingi walikuwa watu wa mikuki na pinde.

Sokoni bunduki haikuwa na nafasi. Soko la Nyangwe lilikuwa hasa la wanawake, waliovuka mto kwa mitumbwi wakileta samaki, kuku, mihogo, chumvi na vyungu. Mmisionari na mpelelezi Livingstone, aliyefika mwishoni mwa Machi 1871 na kukaa miezi kadhaa akitafuta mitumbwi bila mafanikio, alipenda kwenda kutazama watu wakibishana bei na kutaniana. Siku za gulio kubwa walifika maelfu. Amani hiyo haikulindwa na askari yeyote. Ilisimama juu ya mazoea tu: mwenye kwenda sokoni hasumbuliwi, hata kama vijiji vinapigana.

Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone aliona watu watatu wameingia sokoni na bunduki. Walikuwa wa kundi la Dugumbe, mfanyabiashara aliyekuwa amefika karibuni. Mmoja wa watu wa Livingstone aliwakemea. Yeye mwenyewe alinyamaza, akidhani ni ugeni tu unaowafanya wasijue desturi. Dhana hiyo ilikuwa ya mtu mwema, na ilikuwa na kosa. Ugomvi wa bei ya kuku ulizuka, na kabla Livingstone, aliyekuwa akiondoka, hajafika mbali bunduki mbili zililia katikati ya umati. Watu walitupa bidhaa wakakimbilia mitumbwi, na huko kundi jingine lenye silaha likawamiminia risasi kutoka karibu na kijito. Wengi walizama wakijaribu kuogelea. Wafanyabiashara wa Kiarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Dugumbe alituma mtumbwi ukaokoa watu 21, lakini ng'ambo ya mto vijiji viliendelea kuchomwa na watu wa Tagamoyo, kiongozi mwingine wa wenye bunduki. Siku chache baadaye Livingstone aliondoka kurudi Ujiji.

Soko lenyewe halikufa. Msafiri Cameron alilikuta likiendelea mwaka 1874, na Stanley miaka miwili baadaye. Kilichobadilika ni uwiano wa nguvu: bunduki zilizidi kuongezeka, na mfanyabiashara Tippu Tip, aliyekuwa na makao Kasongo, akatawala nchi kwa wingi wa watu wenye silaha hizo.

Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, ila gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuruhusiwa kwa masharti. Dola Huru ya Kongo, iliyodai nchi hiyo, haikujinyima bunduki hizo za kisasa: askari wake walibeba bunduki za Albini. Kamanda wao Dhanis aliiteka Nyangwe kutoka kwa wafanyabiashara hao Machi 1893, na Kasongo ikaanguka mwezi uliofuata. Tangu hapo bunduki ya mwindaji wa Manyema, kwa kawaida ya fataki, ilikuwa jambo la kibali cha serikali.