Uchovu usiokwisha: Jinsi damu inavyofichua maradhi ya tezi ya koo

UCHOVU wa kila siku, kuongezeka uzani bila sababu, kunyonyoka nywele, kufunga choo na kuhisi baridi hata jua la Isiolo linapochoma ni mambo ambayo aghalabu hayamfanyi mtu aifikirie shingo yake.

Hata hivyo, huenda chanzo kikawa dundumio, yaani tezi ya thairoidi, yenye umbo la kipepeo na iliyo mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo.

Tezi hii hutengeneza homoni mbili kuu, T4 na T3, ambazo hudhibiti kasi ya mwili kutumia nguvu. Homoni zikipungua, mwili huzorota. Zikizidi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, jasho humtoka mtu naye hukonda ilhali anakula vyema.

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu ya maradhi haya hufanana na ya maradhi mengine. Katika kaunti ya wafugaji, anayelalamikia uchovu na maumivu ya viungo hushukiwa kwanza kuwa na malaria, upungufu wa damu au brusela, ambayo huletwa na maziwa yasiyochemshwa.

Shaka hizo zina msingi. Lakini mgonjwa akitibiwa mara kadhaa bila kupata nafuu, inafaa dundumio nayo ichunguzwe.

Kipimo cha kwanza

Uchunguzi huanza kwa homoni iitwayo TSH. Hii haitoki shingoni, bali hutolewa na tezi ndogo ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza dundumio ifanye kazi.

Dundumio ikilegea, pituitari huongeza TSH, mithili ya mchungaji anayepaza sauti mifugo inapobaki nyuma. Ikizidisha kazi, TSH hushuka. Ndiyo maana TSH ya juu humaanisha tezi iliyodhoofika, jambo linalowakanganya wagonjwa wengi.

Katika maabara nyingi, kiwango cha kawaida kwa mtu mzima asiye mjamzito ni kati ya takriban 0.4 na 4.0. Kila maabara huchapisha mipaka yake kwenye cheti, na matokeo yasomwe kwa mipaka hiyo.

TSH ikiwa juu na T4 ikiwa chini, tezi imeshindwa na matibabu huhitajika. TSH ikipanda kidogo huku T4 ikiwa sawa, madaktari hurudia kipimo baada ya miezi 2 au 3 kabla ya kuamua. TSH ikishuka na T4 au T3 ikipanda, tezi imezidisha kazi.

Zote zikiwa chini, tatizo huenda liko kwenye pituitari yenyewe. Hali hiyo yaweza kumpata mama aliyevuja damu nyingi sana wakati wa kujifungua, akakosa maziwa na hedhi isirejee. Kwake yeye, kupima TSH pekee hakutoshi, kwani inaweza kuonekana ya kawaida.

Kinga inapougeukia mwili

Kinga ya mwili huundwa ili kupambana na vijidudu. Wakati mwingine hukosea na kuishambulia dundumio. Wanawake hupatwa na hali hii mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na huelekea kuandama ukoo.

Aina inayoua tezi polepole ilielezwa mwaka 1912 na daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, na hubeba jina lake. Ile inayoichochea tezi ifanye kazi kupita kiasi, na pengine kuyatokeza macho nje, huitwa kwa jina la Robert Graves, daktari wa Ireland aliyeieleza mwaka 1835.

Damu huonyesha mashambulizi hayo kupitia kingamwili. Kingamwili za TPO hupatikana kwa wagonjwa wengi wa Hashimoto, na zile za TRAb huashiria ugonjwa wa Graves.

Takriban mtu 1 kati ya 10 wasio na ugonjwa huwa na kingamwili za TPO. Mtu kama huyo hahitaji dawa kwa sababu hiyo pekee, ila apimwe TSH mara kwa mara. Aliyekwisha kuthibitishwa hana haja ya kulipia kipimo cha kingamwili za TPO kila mwaka.

Chumvi si jawabu la kila goita

Wengi huamini kuwa goita, au rovu, ni ukosefu wa chumvi. Ni kweli kwamba upungufu wa iodini huvimbisha tezi, na kwa sababu hiyo sheria ya Kenya imetaka chumvi ya mezani itiwe iodini tangu mwaka 1978.

Hata hivyo, goita yaweza kutokana na kinga au uvimbe mwingine. Isitoshe, iodini ikizidi huweza kuidhuru tezi. Kwa hivyo, kujitibu kwa kuongeza chumvi ni kujitia hatarini.

Kabla na baada ya kupimwa

Si kila kituo cha afya kina mashine ya kupima homoni. Anayetoka Merti, Garbatulla au Oldonyiro atafaidika akiuliza kwa simu kabla ya kufunga safari, kwani damu yaweza kutolewa mahali pamoja na kupimwa kwingine. Kwenye joto kali, sampuli hutenganishwa mapema na kuwekwa baridini.

Kwa kawaida mtu halazimiki kufunga. Anayemeza tembe za nywele na kucha zenye bayotini amwambie daktari, maana huweza kupotosha matokeo. Aghalabu huachwa siku 2 au zaidi kabla ya kipimo.

Dawa ya tezi iliyolegea ni levothairoksini, ambayo humezwa kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Chai ya maziwa isubiri. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito vipishane nayo kwa saa 4. Wakati wa Ramadhani, mgonjwa apange na daktari saa ya kuimeza, iwe kabla ya futari, kabla ya daku au anapolala.

TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, kwa kuwa mwili huchelewa kutulia. Anayetumia kabimazoli kwa tezi iliyozidi akishikwa na homa na koo kuuma, aache dawa hiyo na apimwe damu siku hiyo hiyo.

Mwanamke anayetumia levothairoksini akishika mimba asingoje. Mahitaji yake ya dawa huongezeka mapema, na ubongo wa mtoto hutegemea homoni za mama katika miezi ya kwanza. Mtoto anayezaliwa bila homoni hizo akipewa dawa katika wiki za mwanzo huepushwa na ulemavu wa akili.

Vyeti vyote vya maabara vihifadhiwe na kupelekwa kila ziara, ili daktari alinganishe matokeo ya leo na ya awali.