Siti alifika Bombay, bibi yangu je?

Semina ya historia wiki hii imenipeleka mbali: uimbaji wa kale wa India. Kuna dhrupadi, mtindo mkongwe na mzito, unaanza taratibu bila ngoma. Kuna khayali: maneno machache tu, lakini mwimbaji anaweza kuyazungusha hata saa nzima. Yote hufundishwa kwa sikio, mwalimu anaimba, mwanafunzi anarudia.

Halafu zikaja santuri. Upande mmoja, dakika tatu hivi tu! Mwaka 1902 kampuni ya Gramophone ya Uingereza ilimrekodi Gauhar Jaan kule Calcutta, akaibana khayali humo humo. Mwaka 1928 ikawa zamu ya Siti binti Saad wa Fumba, Zanzibar. Alisafiri na wenzake hadi Bombay, akarekodi taarab kwa Kiswahili. Shule hakusoma, naye alijifunza kwa sikio. Santuri ilikata mengi, ila bila hiyo leo tusingemsikia kabisa.

Sasa jamani, kwetu Uwemba bibi anazo nyimbo za Kibena za shambani na za harusi, ndefu kweli. Hakuna aliyezirekodi. Likizo hii naenda na simu, na haina kikomo cha dakika tatu. Na wewe, bibi yako anaimba nini?