Uatamiaji kinywani: istilahi ya uzazi wa ngege

Uatamiaji kinywani ni namna ya uzazi ambapo samaki hubeba mayai yake kinywani hadi yaanguliwe na vifaranga viweze kujitegemea. Ndivyo azaavyo ngege, Oreochromis esculentus, samaki wa asili wa Ziwa Victoria na maziwa madogo ya jirani. Katika Victoria yenyewe amekuwa adimu mno, kwa uvuvi wa kupindukia na kwa kupandikizwa sangara na sato tangu miaka ya 1950. Mojawapo ya makimbilio yake ni Ziwa Burigi, katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliyotangazwa mwaka 2019.

Dume huchimba kiota kwenye maji ya kina kifupi. Jike hutaga humo, na baada ya mayai kurutubishwa huyabeba yote kinywani, akaenda zake. Malezi ni yake peke yake. Huyageuzageuza mayai, na maji anayovuta kuelekea kwenye matamvua huyapa oksijeni na kuyaepusha na ukungu. Koo hufura, na kwa wiki mbili hivi hali, au hula kidogo sana. Vifaranga vikianza kuogelea hukaa karibu naye. Hatari ikitokea, hurudi kinywani.

Wapo wanaosema “kutunza mayai mdomoni”. Maelezo hayo yanaeleweka, lakini yanafaa ghala kuliko mama. Kuatamia ni zaidi ya kuhifadhi: kuku anayeatamia hukonda, hutoka kiotani kwa nadra, na hukaa hadi vifaranga vitoke. Ngege hatoi joto, ila subira na mfungo ni ule ule. Tena kinywa kinafaa kuliko mdomo, kwa kuwa mayai hukaa ndani kabisa, kwenye uwazi wa koo.

Istilahi hii inabeba pia hoja ya uhifadhi. Sangara hutaga mayai kwa mamilioni na kuyaachia maji. Ngege hutaga yale tu yanayoenea kinywani. Jike anayeatamia akinaswa, huyatema mayai wavuni au mtumbwini, na kizazi chote hupotea naye. Kwa hiyo neno hili lisiishie kwenye vitabu vya biolojia. Liingie katika mafunzo ya wavuvi, ili kufungwa kwa mazalia na kupigwa marufuku kwa makokoro kueleweke kuwa ni kumpa mama nafasi ya kumaliza kuatamia.