Mechi 80 za Chris na Martina

Machi 1973, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, msichana wa miaka 18 kutoka Florida alimfunga msichana wa miaka 16 kutoka Chekoslovakia kwa 7-6, 6-3. Ilikuwa raundi ya kwanza tu. Mshindi, Chris Evert, alikuwa tayari kipenzi cha Marekani nzima. Aliyeshindwa, Martina Navratilova, alikuwa amepewa ruhusa na chama cha tenisi cha kwao kuja kucheza wiki chache, na watangazaji walikuwa bado wanababaika na jina lake. Lakini seti ya kwanza ilimtoa Chris jasho, na mabinti wa umri ule waliokuwa na uwezo wa kumtoa jasho walihesabika.

Kutoka siku hiyo hadi mwishoni mwa 1988 walikutana mara 80. Mara 60 kati ya hizo ilikuwa fainali. Katika tenisi ya wanaume hakuna jozi iliyofika huko: si Borg na McEnroe, waliokutana mara 14 tu, wala si Federer na Nadal na mechi zao 40.

Chris alilelewa uwanjani. Baba yake, Jimmy Evert, alikuwa mwalimu wa tenisi katika viwanja vya umma vya Holiday Park, Fort Lauderdale, na watoto wake wote watano walipitia mikononi mwake. Viwanja vile vilikuwa vya udongo, ambao huupunguzia mpira kasi, na mpira ukipungua kasi mwenye haraka huumia. Chris alipokuwa mdogo hakuwa na nguvu ya kuibeba raketi kwa mkono mmoja upande wa kushoto, akaishika kwa mikono yote miwili. Baba hakuipenda staili ile. Alitarajia mtoto ataiacha akikua. Hakuiacha. Ikawa silaha yake kuu, na leo ukitazama mashindano yoyote ya wanawake utakuta karibu wote wanapiga hivyo.

Mchezo wake haukuwa wa kushangiliwa mwanzoni. Alisimama nyuma, kwenye mstari wa mwisho, akirudisha mpira ndani sana, tena na tena, sura haibadiliki akipata wala akikosa. Mpinzani alijikuta anakosea bila kujua kosa limeanzia wapi. Kuanzia Agosti 1973 hadi Mei 1979 alishinda mechi 125 mfululizo kwenye udongo, mpaka Tracy Austin alipomkatiza huko Roma. Mimi rekodi hiyo naiweka juu ya mataji yake mengi. Mtu anaweza kushinda kombe kwa wiki mbili za bahati, lakini karibu miaka sita si bahati.

Martina alitokea Řevnice, mji mdogo karibu na Praha. Bibi yake, Agnes Semanská, alikuwa mchezaji wa kutajika nchini mwake, na baba wa kambo, Mirek, ndiye aliyemfundisha. Martina alikuwa mashoto, na katika tenisi hilo si jambo dogo. Mashoto akianzisha mpira kutoka upande wa kushoto wa uwanja, mpira hujipinda ukikimbilia nje, ukimvuta mpinzani mpaka karibu na viti vya watazamaji. Anapofaulu kuurudisha, Martina ameshapanda wavuni, na uwanja wote uko wazi mbele yake. Kwa wachezaji wengi mchezo uliishia hapo. Kwa Chris ulianzia hapo, maana mpira ule ulikuwa unakwenda kumkuta palepale penye mikono miwili.

Ndiyo sababu hawakuchosha kutazamwa. Mmoja alikuwa mpandaji wavuni bora kuliko wote, mwenzake fundi wa kuupitisha mpira kando ya aliyepanda wavuni, na kila pointi ilikuwa swali lilelile likiulizwa upya.

Miaka ya kwanza jibu lilikuwa la Chris. Alishinda 21 kati ya mechi 25 za mwanzo. Martina alikuwa na kipaji kilichoonekana na kila mtu, ila chakula cha Marekani kilikuwa kimemkaribisha vizuri mno na mazoezi hakuyapenda kihivyo. Wakawa marafiki. Wakacheza wawili wawili pamoja, wakatwaa taji la Ufaransa 1975 na la Wimbledon 1976. Kisha Chris akauvunja ushirika huo. Alieleza baadaye, bila kuficha, kwamba Martina alikuwa ameanza kuujua mno mchezo wake. Napenda ukweli wa namna hiyo. Mabingwa wengi wangesingizia ratiba.

Septemba 1975, katika nusu fainali ya mashindano ya wazi ya Marekani, Chris alimfunga 6-4, 6-4. Usiku uleule Martina akaenda ofisi ya uhamiaji mjini New York kuomba hifadhi. Alikuwa na miaka 18. Serikali ya kikomunisti ya Praha ilikuwa imeanza kumbana, ikitaka kupanga acheze wapi na kurudi lini. Akawa hana tena ruhusa ya kurudi nyumbani, wala hakujua atawaona lini wazazi wake. Mpaka leo nashangaa jinsi mtu anavyotoka kupoteza mechi, akaoga, akaenda kuipoteza nchi siku hiyohiyo.

Jibu lake kwa Chris lilikuja Julai 1978, kwenye nyasi za Wimbledon. Nyasi huutelezesha mpira chini na haraka, kinyume kabisa cha udongo. Martina alipoteza seti ya kwanza 2-6, akashinda ya pili 6-4, na katika ya tatu alikuwa nyuma 2-4 kabla ya kugeuza kibao na kumaliza 7-5. Wazazi wake walikuwa wamesafiri mpaka karibu na mpaka wa Ujerumani Magharibi ili waone matangazo ya televisheni ya upande wa pili, maana kwao mtoto huyo alikuwa hatajwi.

Hata hivyo alikuwa bado ni mchezaji wa msimu. Mwaka 1981, kwenye udongo wa Amelia Island, Florida, Chris alimpiga 6-0, 6-0. Gemu kumi na mbili, hakuna hata moja ya kufutia machozi. Katika maisha ya Martina nadhani hakuna mechi iliyomfaa kuliko hiyo. Mwaka huohuo Nancy Lieberman, nyota wa mpira wa kikapu, aliyaona mazoezi yake na kumwambia waziwazi kwamba anachezea kipaji. Akamkimbiza asubuhi, akampeleka kwenye vyuma, akamlazimisha aache kumwona Chris kama rafiki. Renée Richards akaongezwa kwa ufundi wa uwanjani, na mtaalamu wa lishe akampangia meza. Leo kila mchezaji ana kikosi cha namna hiyo. Wakati ule watu waliona ni kichekesho, na wengine walinung'unika kuwa si haki.

Waliokuja kunung'unika zaidi ni wapinzani. Mwaka 1983 Martina alishinda mechi 86 na kupoteza moja, kwa Kathy Horvath mjini Paris. Mwaka 1984 alishinda 74 mfululizo. Alitwaa mataji makubwa sita kwa mpigo, kuanzia Wimbledon 1983 hadi mashindano ya Marekani 1984. Chris alimwona kwa mgongo tu: mara 13 mfululizo walikutana, mara 13 akashindwa.

Katika ukame huo kulikuwa na Jumamosi moja, tarehe 8 Septemba 1984, New York, ambayo wapenzi wa tenisi bado wanaizungumza. Hesabu ya mechi zao ilikuwa 30 kwa 30. Fainali yao iliwekwa katikati ya nusu fainali mbili za wanaume, na ile ya kwanza, Ivan Lendl na Pat Cash, ikaenda mpaka seti ya tano na kuamuliwa kwa gemu ya kuvunja sare. Wanawake wakasubiri na kusubiri ndani, chumba kimoja cha kubadilishia nguo, njaa ikiuma. Wakagawana mkate. Sisi tuliozoea Simba na Yanga, ambako hata kupita mlango mmoja huwa kesi, tunaweza kufikiri ni utani. Walikula, wakatoka, na Chris akashinda seti ya kwanza 6-4 huku uwanja mzima ukimshangilia. Martina akachukua mbili zilizobaki, 6-4, 6-4. Aliposhinda, alisikika kama mtu anayeomba radhi; alitamani watu wampende yeye pia, na New York siku ile haikuwa tayari.

Chris angeweza kustaafu hapo na asilaumiwe. Alikuwa anakaribia miaka 30, ana kila kitu. Badala yake alikubali kwamba mwenzake ameubadilisha mchezo na kwamba yeye ndiye anayepaswa kufuata. Akaanza kunyanyua vyuma. Raketi ya mbao aliyoing'ang'ania miaka mingi alikuwa ameshaiweka kando na kuchukua ya grafiti. Akajifunza hata kupanda wavuni, kitu alichokiepuka tangu utotoni. Januari 1985, Key Biscayne, mkosi wa mechi 13 ukaisha.

Kisha ikaja Paris, Juni 1985. Kama ningeambiwa nichague mechi moja tu kati ya zile 80, ningechukua hii na kuwaachia wengine zilizobaki. Upepo ulikuwa unavuma Roland Garros. Chris alichukua seti ya kwanza 6-3. Martina akaokoka ya pili 7-6. Katika ya tatu kila mmoja aliongoza, kila mmoja akapoteza, mpaka 5-5. Chris akaanzisha gemu, akajikuta 0-40. Pointi moja tu, na Martina ataanzisha gemu ya kufunga hesabu. Chris akaziokoa zote. Gemu iliyofuata Martina ndiye aliyekuwa anaanzisha, na kwenye pointi ya mwisho akafanya alichokifanya maisha yake yote: akapanda wavuni. Akaupeleka mpira upande wa mikono miwili, Chris akiwa amevutwa nje ya uwanja. Chris akaupitisha sambamba na mstari wa pembeni, kwenye upenyo ambao kabla ya pigo hukuuona. 7-5. Martina hakuubamiza mpira wala raketi. Walikumbatiana wavuni, na ukiitazama picha ile ni vigumu kujua nani ameshindwa.

Mwaka uliofuata Chris akashinda tena palepale dhidi ya huyohuyo, taji lake la saba la Ufaransa na la 18 na la mwisho kati ya makubwa.

Julai 1986 wakasafiri pamoja kwenda Praha, katika timu ya Marekani ya kombe la mataifa ya wanawake. Martina alikuwa raia wa Marekani tangu 1981, na hakuwa amekanyaga kwao tangu alipoomba hifadhi. Chris alikuwa na goti bovu lakini alikwenda, na alisema alikwenda kwa ajili ya mwenzake. Mtangazaji uwanjani aliagizwa asilitaje jina la Martina. Akamwita mchezaji wa kike kutoka Marekani. Watu wakasimama wakalitaja wao. Marekani ikaifunga Chekoslovakia 3-0 kwenye fainali.

Mwisho wa upinzani wao ulipita bila kelele. Steffi Graf alikuwa ameshaingia na kuanza kuwakusanya wote wawili. Mechi ya 80 ilichezwa Chicago, Novemba 1988, Martina akashinda 6-2, 6-2. Jumla: Martina 43, Chris 37.

Wengi huishia hapo wakatoa hukumu. Mimi naomba waangalie viwanja. Kwenye udongo Chris aliongoza 11 kwa 3. Kwenye nyasi Martina 10 kwa 5. Sehemu kubwa ya tofauti ilitokea ndani ya kumbi, kwenye sakafu za haraka, ambako hakuna upepo wala jua la kumsumbua anayeanzisha mpira. Mzigo wa ratiba ungeegemea upande mwingine, hesabu ingeegemea huko. Na kwenye mataji makubwa ya mmoja mmoja kila mmoja aliishia na 18. Martina alilipata la 18 Wimbledon 1990, akiwa na miaka 33, likiwa la tisa pale. Ukinibana nitasema Martina alikuwa mchezaji mkubwa zaidi. Lakini Chris ndiye aliyemfanya awe hivyo.

Januari 2022 Chris alitangaza kwamba ana saratani ya ovari, iliyokuwa imemuua mdogo wake Jeanne. Januari 2023 Martina akatangaza ya koo na ya matiti, ya pili kwake baada ya ile ya 2010. Kila mmoja alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kumpigia mwenzake simu. Wote wawili walirudi kwenye utangazaji. Na Januari 2024 waliandika makala pamoja katika gazeti la Washington Post, wakipinga mpango wa kupeleka fainali za mwisho wa msimu za wanawake Saudi Arabia. Baada ya miaka mingi ya kukabiliana wavuni walikuwa tena upande mmoja, na safari hii wakashindwa: Novemba ya mwaka huo fainali zilichezwa Riyadh, na Coco Gauff akalichukua kombe.