Saketi Jumuishi ya Kupimia Muda na Swali la Historia ya Teknolojia Kemondo

Historia ya teknolojia mkoani Kagera haikuanza na vifaa vilivyoshushwa bandarini Kemondo. Uchimbuaji wa kiakiolojia ulioongozwa na Peter Schmidt katika eneo la ghuba hiyo ulifukua mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 1,000. Mwaka 1978, yeye na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science hoja kwamba wahunzi waliingiza mirija ya udongo ndani ya tanuri, hivyo hewa ya mivukuto ikapata joto kabla ya kuufikia moto. Sehemu ya ushahidi ilitoka kwa wazee wa Kihaya waliojenga upya tanuri kwa kumbukumbu, maana kazi yenyewe ilikuwa imekoma baada ya chuma cha kigeni kuenea.

Mfano huo unatupa kipimo cha kutazamia kifaa cha zama zetu, yaani chipu ya 555. Ilibuniwa mwaka 1971 na Hans Camenzind, mzaliwa wa Uswisi, kwa ajili ya kampuni ya Signetics ya California, ikaingia sokoni mwaka 1972. Ubunifu wa awali ulikuwa na miguu 9. Alipotumia kikinza cha kawaida badala ya chanzo cha mkondo usiobadilika, ikabaki miguu 8.

Ndani yake, vikinza 3 vilivyo sawa huigawa volteji katika theluthi. Kapasita ya nje hujazwa chaji kupitia kikinza. Inapofikia theluthi mbili, kilinganishi kimoja huamuru chaji itolewe. Ikishuka hadi theluthi moja, kilinganishi cha pili huamuru ijazwe tena. Hivyo taa humetameta au king'ora hulia. Katika mpangilio wa pigo moja, kikinza cha ohmu 1,000,000 na kapasita ya mikrofaradi 10 hutoa takriban sekunde 11. Kwa kuwa ujazaji na mipaka yake hutegemea volteji ileile, muda haubadiliki sana betri inapodhoofika.

Maelezo haya yametolewa kwa Kiswahili bila kupungukiwa na maana. Hata hivyo, mtoto anayesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na fizikia ya sekondari kwa Kiingereza. Fundi aliyeishia darasa la saba aweza kubadilisha chipu kwa ustadi, lakini sababu ya kazi yake hubaki katika lugha asiyofundishwa vya kutosha.

Maarifa ya uyeyushaji chuma nayo yalikuwa yamebaki kwa wachache, ndiyo sababu nusura yapotee pamoja nao. Makala haya yanahitimisha kwamba teknolojia haiwi ya jamii kwa kutumiwa tu. Huwa yake pale jamii inapoweza kuieleza, kuihoji na kuirithisha.