Dagaa wa Tanganyika katika Maji ya Kariba

Bwawa la Kariba lilijengwa kati ya 1955 na 1959 katika Mto Zambezi, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Milango yake ilifungwa Desemba 1958, na Watonga wapatao 57,000 wakahamishwa kutoka mashamba yao ya bondeni. Kufikia 1963 bwawa lilikuwa limejaa, likiwa na urefu wa kilomita 280 hivi na eneo la kilomita za mraba zipatazo 5,400.

Kabla ya hapo, sehemu hiyo ya mto ilijulikana kuwa na aina 28 za samaki. Maji yalipotulia, ningu waliozoea mkondo walipungua, na perege wakastawi kwenye kina kifupi cha kingo. Aina nyingine zilishuka kutoka juu ya Maporomoko ya Viktoria, idadi ikapita 40.

Hata hivyo, kilindini palibaki patupu, kwa kuwa samaki wa Zambezi hawakuzoea kuishi mbali na kingo wakila vijidudu vinavyoelea. Dawa ilitafutwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1967 na 1968 dagaa wa aina ya Limnothrissa miodon, ambao baadhi ya wavuvi wa Tanganyika huwaita lumbu, walisafirishwa kwa ndege hadi Kariba. Miaka michache kabla, samaki hao hao walipandikizwa Ziwa Kivu, ambako huitwa isambaza.

Walizaana upesi wakaenea bwawa zima, wakawa pia chakula kikuu cha kibebe, samaki wa meno yaliyochongoka. Zambia huwaita kapenta, Zimbabwe matemba. Huvuliwa usiku kwa taa na nyavu za kunyanyua, kisha hutiwa chumvi na kuanikwa juani. Karibu na 1990, nchi hizo mbili zilivua takriban tani 30,000 kwa mwaka.

Tangu hapo mavuno yameshuka. Vyombo vimeongezeka kupita kiasi, na miaka ya ukame mito huleta rutuba kidogo, vijidudu hupungua na dagaa hukosa chakula. Kingoni, sato wa Naili waliotoroka kwenye vizimba vya ufugaji wamewasukuma kando perege wenyeji. Nao dagaa hawakuishia Kariba: walipita kwenye mitambo ya umeme, wakashuka na Zambezi hadi bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji, ambako sasa huvuliwa vilevile.